Dokezo la Februari 1991: Katibu Mkuu wa Uingereza na bwawa la Pergau

Februari 1991, Katibu Mkuu mmoja wa serikali ya Uingereza aliwaandikia mawaziri wake dokezo la kuwashauri wasitoe fedha za mradi mmoja. Waziri akamjibu kwa maandishi: toa. Akatoa. Miaka mitatu baadaye karatasi hizo zilikuwa mikononi mwa wabunge, na kabla ya mwaka 1994 kwisha Mahakama Kuu ya London ilikwishasema kwamba malipo yenyewe hayakuwa halali.

Kisa hiki hufundishwa sana kwa wanasheria, na husimuliwa kana kwamba ni kisa cha mahakama. Mimi nakisoma upande wa pili wa meza, kama kisa cha mtumishi. Alikuwa na nini mkononi, alifanya nini, na kwa nini hakufanya zaidi? Wasomaji wangu wengi ni watu wa ofisi za umma, na nadhani swali la namna hii limewahi kuwanyima usingizi zaidi ya mara moja.

Kuhusu majina: Katibu Mkuu nitamwita kwa cheo chake tu, na kampuni za ujenzi sitazitaja, kwa sababu ninachochambua ni kiti na shinikizo lililokizunguka. Wanasiasa nimewataja. Wao walipigiwa kura kwa majina yao.

Usuli: mtu na kiti chake

Katibu Mkuu wetu alizaliwa 1942. Alisoma Cambridge, kisha Yale, na kazi ya kwanza ya kudumu aliipata Benki ya Dunia mwaka 1966, akiwa mchumi. Mwaka 1973 akarudi nyumbani, Hazina. Miaka mitano baadaye akapelekwa ofisi ya Waziri Mkuu kuwa katibu binafsi wa masuala ya uchumi. Alimkuta James Callaghan wa chama cha Labour. Mei 1979 Callaghan akashindwa uchaguzi, Margaret Thatcher akaingia na sera za kubomoa karibu kila alichokiamini mtangulizi wake, na katibu akabaki kwenye meza ileile akimwandalia bosi mpya makabrasha. Kwetu jambo hilo lingezua maneno. Kule ndiyo kazi yenyewe. Tangu ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854, mtumishi wa serikali ya Uingereza anatakiwa aajiriwe kwa sifa zake na aitumikie kwa uaminifu serikali yoyote iliyoko madarakani.

Baadaye aliiwakilisha Uingereza kwenye bodi za IMF na Benki ya Dunia kule Washington, akarudi Hazina kwa muda mfupi, na mwaka 1989 akateuliwa kuwa Katibu Mkuu wa idara ya misaada kwa nchi za ng'ambo. Wakati huo idara hiyo ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, ikiwa na waziri wake mdogo, Lynda Chalker. Waziri mwenye kauli ya mwisho alikuwa Douglas Hurd, Waziri wa Mambo ya Nje.

Cheo kilichomweka kwenye historia, hata hivyo, kilikuwa kingine: Afisa Masuuli. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa. Kila Katibu Mkuu anayesimamia fungu la bajeti anakijua, na asubuhi ya kuitwa na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali anakijua zaidi. Utaratibu huu tuliurithi kutoka huko huko. Kamati ya hesabu ya Bunge la Uingereza iliundwa mwaka 1861 kwa juhudi za Gladstone, waziri wa fedha wa wakati huo, sheria ya ukaguzi ikafuata mwaka 1866, na kutokana nayo akapatikana Mkaguzi Mkuu pamoja na mtu wa kujibu hoja zake. Mtu huyo hujibu mwenyewe, kwa jina lake, na hawezi kujificha nyuma ya waziri.

Lakini waziri ndiye mwenye sera. Itakuwaje akitaka fedha zitoke mahali ambapo Afisa Masuuli haoni zitoke? Waingereza waliweka mlango mmoja mdogo. Afisa Masuuli anaandika pingamizi lake na kutaja sababu. Waziri, kama bado anataka, anatoa agizo kwa maandishi. Hapo Afisa Masuuli analipa, na mzigo wa uamuzi unahamia kwa waziri. Agizo la mdomo halitoshi, wala la simu.

Yaliyotokea

Mambo yalianza kabla mhusika wetu hajaingia ofisini, na kwa maoni yangu sehemu hii ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Machi 1988, Waziri wa Ulinzi George Younger alikwenda Kuala Lumpur kujadili mauzo ya silaha. Alitia saini itifaki na serikali ya Malaysia, na ndani yake misaada ya maendeleo ilitajwa kwa kiwango kinachofungamana na thamani ya silaha zitakazonunuliwa. London walishtuka, kwa sababu sera ya serikali ilikataza kuunganisha msaada na silaha. Wakahangaika kuvitenganisha: Malaysia ikaandikiwa kwamba mambo hayo mawili hayawezi kufungwa pamoja, huku ikiahidiwa kwa njia nyingine kwamba msaada utakuwepo. Septemba mwaka huohuo Thatcher na Mahathir Mohamad, Waziri Mkuu wa Malaysia, walitia saini makubaliano ya silaha, yaliyotarajiwa kuzidi pauni bilioni 1. Serikali ilishikilia kwamba kamba ilikwishakatwa. Wapo walioamini.

Mradi uliochaguliwa kubeba msaada ulikuwa bwawa la umeme kwenye mto Pergau, jimbo la Kelantan, kaskazini mwa Malaysia karibu na mpaka wa Thailand. Uwezo wake ungekuwa megawati 600. Fedha zingetoka kwenye fungu maalumu lililoanzishwa mwaka 1977 ili kuchanganya msaada na biashara: nchi inayosaidiwa inapata mradi kwa bei nafuu, kampuni za Uingereza zinapata kazi. Ukilitazama kwa haraka utaliona fungu zuri. Tatizo lake ni kwamba mara nyingi ombi lilianzia kwa mwenye kuuza, halafu ndipo hoja ya maendeleo ikatafutwa.

Mwishoni mwa 1988 muungano wa kampuni za ujenzi za Uingereza ulikadiria gharama kuwa pauni milioni 316. Machi 1989 Mahathir alikuwa anakuja London. Wataalamu wa idara ya misaada wakafanya tathmini ya haraka haraka na kukuta mradi uko ukingoni: kwa bei hiyo, na kwa kuvuta kidogo, ungeweza kutetewa. Thatcher akamwambia mgeni wake kwa mdomo kwamba Uingereza itatoa msaada wa hadi pauni milioni 68.25.

Wiki mbili hivi baadaye kampuni zikarudi na bei mpya: pauni milioni 397.

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema "ngoja". Makadirio yamepanda kwa zaidi ya pauni milioni 80, wino wa mazungumzo haujakauka, na kilichotolewa ni ahadi ya mdomo iliyosimama juu ya bei ya zamani. Badala yake, Aprili ahadi ikawekwa kwenye maandishi. Hapakuwa na aliyetaka kwenda kwa Waziri Mkuu kumweleza kwamba neno alilompa kiongozi wa nchi nyingine lilijengwa juu ya hesabu iliyokwishavunjika.

Katibu Mkuu wetu akaikuta hali hiyo mezani. Mtoa ahadi alikuwa Waziri Mkuu yuleyule aliyemwandalia makabrasha miaka kumi nyuma.

Mwaka 1990 wachumi wa idara walifanya tathmini kamili, safari hii bila mgeni mlangoni. Jibu halikuwa na utata. Malaysia ilikuwa na gesi asilia ya kutosha, na mitambo ya gesi ingezalisha umeme uleule kwa gharama ndogo zaidi. Bwawa lingeweza kuwa na maana miaka mingi mbele, si wakati ule. Kulijenga mapema hivyo kungewagharimu watumiaji wa umeme wa Malaysia zaidi ya pauni milioni 100 katika kipindi cha miaka 35, ukilinganisha na njia mbadala. Kwa lugha ya kibandani, walikuwa wanapewa zawadi ambayo wangeilipia kila mwezi kwenye bili.

Gharama nazo ziliendelea kukua. Mkataba ulifikia pauni milioni 417, na msaada, ambao sasa ulipangwa kuwa ruzuku ya riba kwenye mkopo wa mabenki utakaolipwa kwa miaka 14, ukafika pauni milioni 234. Haujawahi kutokea msaada mkubwa kuliko huo kwa mradi mmoja katika historia ya misaada ya Uingereza hadi wakati huo.

Februari 1991 akaandika. Aliwaambia mawaziri kwamba mradi ni mbaya kiuchumi, kwamba kwa nafasi yake ya Afisa Masuuli hawezi kuyaidhinisha matumizi hayo, na kwamba kama wanataka yafanyike atahitaji agizo la maandishi. Chalker aliuelewa ushauri huo. Hurd aliupima, akawasiliana na John Major, aliyekuwa amempokea Thatcher uwaziri mkuu miezi mitatu tu iliyotangulia, na wote wawili wakakubaliana kuendelea. Agizo likatolewa. Julai 1991 mkataba wa fedha ukatiwa saini.

Uamuzi na sababu zake

Tuanze na Hurd, maana ni rahisi kumfanya shetani wa hadithi. Hoja yake ilikuwa wazi na aliisema hadharani: Waziri Mkuu wa Uingereza alikwishatoa neno lake, mara mbili, kwa mdomo na kwa maandishi. Kulirudisha neno hilo kungeifanya nchi ionekane rafiki asiyetegemeka, na kampuni zake zingelipia katika soko la Malaysia. Hoja hiyo haikuwa ya kubuni. Mahathir aliwahi kuitangazia Uingereza mgomo wa manunuzi mwaka 1981, na angetangaza mwingine mwaka 1994. Waziri alikuwa na ushauri mbaya wa kiuchumi upande mmoja na gharama ya kidiplomasia upande mwingine, akachagua. Kosa alilofanya lilikuwa la aina nyingine, nami nitalifikia.

Sasa Katibu Mkuu. Nakaa kwenye kiti chake na kuhesabu njia alizokuwa nazo.

Angeweza kunyamaza. Wachumi wake walikuwa wamekwishaandika; angepeleka tathmini juu na maneno laini, kama vile "mradi una changamoto kadhaa", na mambo yangepita. Nani asiyeyajua maneno hayo?

Angeweza kuvujisha. Alikuwa na mfano wa karibu: mwaka 1984 afisa mwandamizi wa Wizara ya Ulinzi, Clive Ponting, alimpelekea mbunge nyaraka kuhusu kuzamishwa kwa meli ya Argentina, General Belgrano, katika vita vya Falklands. Akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali, na Februari 1985 wazee wa baraza wakamwachia huru. Lakini mwezi huohuo mkuu wa utumishi wa umma alitoa waraka ulioweka msimamo bila kumung'unya: mtumishi hana nafasi ya kikatiba iliyo tofauti na serikali anayoitumikia. Anayebanwa na dhamiri apande ngazi hadi kwa wakubwa wake, na akishindwa, ajiuzulu na kufunga mdomo. Mwaka 1989 sheria ya siri ikaandikwa upya, na utetezi wa maslahi ya umma haukuwekwa ndani yake.

Angeweza kujiuzulu. Wapo wasomaji watakaosema hiyo ndiyo njia ya heshima. Siafiki. Kujiuzulu kwa Katibu Mkuu kwa sababu ya bwawa ghali kungekuwa habari ya siku mbili kwenye magazeti, na mrithi wake angesaini. Tena mradi haukuwa wizi. Ulikuwa uamuzi mbaya wa watu wenye mamlaka ya kuamua, na mtumishi anayejiuzulu kila waziri anapoamua vibaya hatamaliza mwaka.

Akachagua mlango mdogo. Uliokuwapo, halali, na usiotumika mara kwa mara. Katibu Mkuu anayeomba agizo la maandishi anamwambia waziri wake, kwa adabu zote, kwamba siku moja mkaguzi atakuja na mimi sitakuwa nimesimama nawe. Uhusiano wa kazi unaweza usirudi kama ulivyokuwa. Wengi huona heri wazungumze pembeni hadi waziri aache mwenyewe, na ninaamini mara nyingi hilo hutosha. Kwa Pergau halikutosha, kwa kuwa waziri hakuwa anatetea wazo lake mwenyewe. Alikuwa anatetea neno la mwingine, na neno la mwingine halina wa kulilegeza.

Matokeo

Oktoba 1993 Mkaguzi Mkuu alitoa ripoti yake. Namba zote zilikuwemo, pamoja na ukweli kwamba Afisa Masuuli alipinga na akaagizwa. Januari 1994 Katibu Mkuu akaketi mbele ya kamati ya hesabu, ambayo mwenyekiti wake kwa desturi hutoka upinzani, desturi ambayo nasi tumeirithi. Wabunge walimuuliza, naye akajibu bila kupinda: mradi haukuwa na hoja ya kiuchumi, na kuupa fedha kulikuwa matumizi mabaya ya programu ya misaada. Serikali iliyomwajiri ilikuwa bado madarakani, na Hurd bado alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Aliweza kusema hivyo kwa sababu alikuwa amekwishayasema miaka mitatu nyuma, kwenye karatasi, kwa watu haohao.

Februari 1994, magazeti ya Uingereza yalipoanza kuandika kuhusu rushwa katika biashara na Malaysia, Mahathir alikasirika na kuzifungia kampuni za Uingereza kandarasi za serikali yake. Marufuku ilidumu hadi Septemba. Kwa hiyo gharama ile ya kidiplomasia ambayo bwawa lilijengwa kuiepuka ilikuja vilevile, na bwawa likiwa tayari linalipiwa.

Kisha likaja pigo ambalo halikuwa kwenye hesabu za mtu. Shirika la wanaharakati, World Development Movement, lilifungua shauri Mahakama Kuu. Sheria ya misaada ya mwaka 1980 ilimpa waziri mamlaka ya kutoa fedha kwa madhumuni ya kukuza maendeleo ya nchi, kudumisha uchumi wake, au ustawi wa watu wake. Tarehe 10 Novemba 1994 majaji walisema maendeleo yanayotajwa na sheria lazima yawe maendeleo ya maana kiuchumi. Katika Pergau, kwa ushahidi uliokuwa mbele yao, hayakuwapo. Waziri alikuwa na haki ya kuzingatia siasa na biashara pale ambapo kuna lengo halali la maendeleo la kuanzia. Pasipokuwa nalo, hana mamlaka. Serikali haikukata rufaa. Malipo yaliyobaki yakahamishiwa kwenye akiba ya Hazina, na bwawa likaendelea kujengwa.

Mwanafunzi wa sheria atakumbuka hukumu hiyo kwa jambo jingine, yaani mahakama ilivyolikubalia shirika lisilodaiwa wala kudai chochote lifungue shauri, kwa kuwa jambo ni zito na hapakuwa na mwingine wa kulifungua. Hilo ni somo la siku nyingine.

Katibu Mkuu alipewa nishani ya usir mwaka 1994 na kuhamishiwa wizara ya elimu. Mwaka uliofuata wizara hiyo iliunganishwa na ya ajira, mkuu mwingine akachukuliwa, naye akaondoka serikalini. Tangu 1996 akaongoza chuo kimoja cha London ambacho, kwa bahati, ni miongoni mwa vyuo vya Ulaya vilivyofundisha Kiswahili kwa miaka mingi zaidi. Kama alilipwa fadhila au aliadhibiwa, kila mtu atasoma anavyotaka. Mimi naona kwa sehemu kubwa aliendelea tu na kazi, na hilo linasema kitu kuhusu mlango aliopitia.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Karatasi ilifanya kazi, ingawa haikufanya ile ambayo wengi huidhania. Haikuzuia hata pauni moja Februari 1991. Ilichofanya ni kumtenga mwenye uamuzi na kumwacha aonekane. Bila agizo lile, ripoti ya ukaguzi ingesomeka kama kawaida ya ripoti za ukaguzi: idara ilikosea, idara ijirekebishe. Kwa sababu ya agizo, swali la wabunge likawa la kumtafuta mtu: nani aliamua, na aliambiwa nini kabla ya kuamua?

Pia tathmini ya 1990 ilikuwa safi. Hapa nataka kukaa kidogo, maana husahaulika. Majaji hawakuwa wachumi. Hawakwenda Kelantan kupima mto. Waliegemea ushauri wa idara yenyewe, uliosema kwa lugha nyepesi kwamba mradi ni ununuzi mbaya. Wachumi wale wangeandika kwa kusitasita, wakaweka "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine" hadi mwisho wa ukurasa, wakili wa serikali angepata pa kupumulia. Afisa wa ngazi ya chini aliyeandika sentensi iliyonyooka mwaka 1990 ndiye aliyelimaliza shauri mwaka 1994, bila kujua.

Kilichoshindwa

La kwanza na kubwa ni wakati. Pingamizi lilipata sauti Februari 1991, ilhali uamuzi ulikuwa umefanyika Machi 1989. Kuanzia pale kila mtu alikuwa anafanya hesabu ya gharama ya kurudi nyuma, na gharama hiyo ilipanda kila mwezi uliopita. Tathmini ya haraka ya 1989 ilifanywa ili kiongozi apate kitu cha kumwambia mgeni, na tathmini inayoandikwa kwa tarehe ya mgeni hujua mapema inatakiwa iseme nini. Katibu Mkuu hawezi kulaumiwa kwa ahadi iliyotolewa kabla hajafika. Lakini kati ya kuingia kwake mwaka 1989 na dokezo lake ilipita zaidi ya mwaka, na katika muda huo Malaysia iliendelea kuamini fedha zinakuja. Najiuliza kama barua fupi ya mwaka 1989, ikisema tu kwamba bei ya ahadi imekufa na kwa hiyo ahadi inasubiri tathmini mpya, isingefanya kazi ambayo dokezo zuri la 1991 halikuweza. Nadhani ingefanya. Ingemuudhi Thatcher, bila shaka, lakini ingemkuta akiwa bado na njia ya kutokea bila kuaibika.

La pili ni swali lililoulizwa nusu. Pingamizi la Katibu Mkuu lilisimama juu ya thamani ya fedha. Utaratibu uliwapa Maafisa Masuuli sababu nyingine nzito zaidi, uhalali wa matumizi kwa mujibu wa sheria, na pingamizi la aina hiyo ndilo lililotakiwa kumfikia Mkaguzi Mkuu moja kwa moja. Hilo halikuwa msingi wa dokezo. Nalo ndilo kosa la Hurd nililosema nitalifikia: alipima uchumi dhidi ya diplomasia kana kwamba vyote viwili viko kwenye mzani mmoja, na hakuanza kwa kuuliza kama sheria inamruhusu kutumia fungu hilo kwa mradi ambao wataalamu wake wamesema hauna faida ya kimaendeleo. Kifungu chenyewe cha sheria ni kifupi. Watu waliozoea kukitumia miaka kumi hawakukisoma upya, kwa sababu haikuwahi kutokea mtu akakigeuza kuwa silaha. Ofisi nyingi zina kifungu cha namna hiyo, kimebandikwa ukutani na hakuna anayekitazama.

La tatu ni fungu lenyewe. Mfuko uliobuniwa kuchanganya biashara na msaada ulimfanya kila mtu awe na nusu ya sababu. Wizara ya biashara iliona mauzo, idara ya misaada iliona maendeleo, wizara ya ulinzi ilikuwa na yake, na pengo la upande mmoja likazibwa kwa hoja ya upande mwingine.

Marekebisho yalikuja, na si haba. Utaratibu wa maagizo ulibadilishwa ili hata pingamizi la thamani ya fedha limfikie Mkaguzi Mkuu bila kuchelewa. Tangu 2011 maagizo hayo huchapishwa hadharani, na sababu nyingine ikaongezwa: kama jambo linatekelezeka. Mwaka 1997 serikali mpya ya Labour ililifuta fungu la misaada na biashara na kuunda wizara kamili ya maendeleo ya kimataifa chini ya Clare Short, na sheria ya mwaka 2002 ikaufunga msaada kwenye lengo la kupunguza umaskini. Kenya nayo, katika Katiba ya 2010, ibara ya 226, ilikwenda mbali kuliko Waingereza wenyewe: mwenye ofisi ya umma, hata ya kisiasa, anayeagiza au kuidhinisha fedha zitumike kinyume cha sheria analipa hasara hiyo yeye mwenyewe, hata akiwa ameshaondoka ofisini.

Ila mlango uliofungwa ulikuwa wa msaada. Wa mauzo ulibaki wazi, na Mtanzania anaujua kwa jina. Desemba 2001, wakati wizara iliyozaliwa na aibu ya Pergau ilikuwa na miaka minne tu, serikali ya Tony Blair iliruhusu BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza, kuiuzia Tanzania rada ya pauni milioni 28. Clare Short alipinga ndani ya baraza la mawaziri kwa hoja ambayo wachumi wa 1990 wangeitambua mara moja: nchi maskini inauziwa kitu ghali kuliko inavyohitaji. Safari hii hapakuwa na fungu la misaada la kupeleka mahakamani, wala Afisa Masuuli wa Uingereza wa kuomba agizo, kwa kuwa mlipaji alikuwa Tanzania. Blair aliamua, rada ikaja. Mwaka 2010 kampuni ilikiri kosa la kutotunza hesabu ipasavyo kuhusu mauzo hayo, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa Tanzania kwa ajili ya shule. Watu waliziita chenji ya rada, na zilinunua vitabu na madawati.